Maswali ya Wasomaji: Mtoto wetu katika skuli ya Kikristo

SWALI: Assalamu alaykum Maalim. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Jang'ombe. Mdogo wangu wa kike ameolewa Marekani na anaishi na wanawe katika mtaa wa watu wa kipato kidogo, kwenye mji mkubwa. Mwanawe wa kwanza, mwenye miaka 14, amepata nafasi katika skuli ya sekondari ya Kikatoliki. Tunaambiwa kwamba karibu kila anayemaliza pale hukubaliwa chuo kikuu, na kwamba sehemu kubwa ya ada hulipwa kwa mwanafunzi mwenyewe kwenda kufanya kazi ofisini. Huku nyumbani tumegawika. Kaka yetu mkubwa anasema huko ni kumtoa mtoto katika dini yake huku tunaangalia, na mama yetu anasema muhimu asome. Skuli hizi ni za namna gani, zilianzaje, na mdogo wangu amjibu nini kaka yetu?

JAWABU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Nitaanza na asili ya skuli hizi, kwa kuwa kaka yenu akishajua zimetoka wapi atakuwa na jambo la hakika la kulizungumza na mdogo wenu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, familia nyingi zenye uwezo katika miji mikubwa ya Marekani zilihama katikati ya mji zikaenda kujenga pembezoni, na viwanda navyo vikahama au vikafungwa. Waliobaki walikuwa zaidi Wamarekani weusi, wahamiaji kutoka Meksiko na Puerto Rico, na watu wengine wasiojiweza. Skuli za serikali huko hazitozi ada, lakini sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya nyumba na ardhi za eneo lenyewe, kwa hiyo mtaa wenye nyumba za thamani hupata skuli yenye maabara na walimu wa kutosha, na mtaa wenye nyumba zilizochakaa huambulia kidogo. Hilo ndilo chimbuko la tatizo. Wapo wanaolaumu uvivu wa watoto au wazazi wao, na mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Wakatoliki walikuwa na skuli zao katika mitaa hiyo tangu zamani, walizozijenga kwa ajili ya wahamiaji wa Ireland, Poland na Italia, na katikati ya miaka ya 1960 skuli zao nchini humo zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Wahamiaji wale walipoinuka kimaisha wakahama, na madawati yao yakakaliwa na watoto weusi na watoto wa Kimeksiko, ambao wengi miongoni mwa hao weusi hawakuwa Wakatoliki. Wakati huo huo masista waliokuwa wakifundisha kwa posho ndogo walipungua, ikabidi kuajiri walimu wa mshahara, ada ikapanda, na mzazi wa mtaa ule akashindwa kuilipa. Skuli nyingi zikafungwa, na leo idadi ya wanafunzi wao haifiki milioni 2.

Skuli anayotaka kuingia mtoto huyo inafuata mpango uliozaliwa katika shida hiyo. Mwaka 1996 Wajesuiti, ambao ni shirika la mapadri lenye historia ndefu ya kusomesha, walifungua skuli inayoitwa Cristo Rey katika mtaa wa Pilsen mjini Chicago, uliokuwa umejaa familia za Kimeksiko. Walitaka kuwapa watoto wa pale masomo ya kuwafikisha chuo kikuu, ilhali wazazi hawakuwa na uwezo wa kuyalipia. Hesabu waliyoipiga ni hii: nafasi moja ya kazi katika benki, ofisi ya mawakili au hospitali hugawiwa wanafunzi wanne, kila mmoja akaenda siku 5 kwa mwezi, na hivyo siku 20 za kazi zikatimia bila ya mtoto yeyote kukosa masomo, kwa kuwa siku ya skuli na mwaka wa masomo vimerefushwa ili kufidia. Malipo ya kazi hiyo huenda skuli, mzazi huchangia kwa kadiri ya kipato chake, na wafadhili hujaza kinachobaki. Watoto huweka kumbukumbu, hupokea simu, huingiza taarifa katika kompyuta, na kabla ya kuanza mwaka wa kwanza hufundishwa namna ya kusalimia wakubwa wa kazi, kuvaa na kutunza siri za ofisi. Zipo sasa skuli zaidi ya 30 za mtandao huo katika miji mbalimbali, na huchukua watoto wa familia za kipato kidogo tu.

Sasa nije kwa kaka yenu, ambaye hakukosea kuuliza. Skuli hizi hazifichi dini yake. Somo la dini limo katika ratiba, sala zinasaliwa, misa zinafanywa, na mwanafunzi asiyekuwa Mkatoliki kwa kawaida hukaa pamoja na wenzake ingawa hapokei komunyo na hakuna anayemlazimisha kubatizwa. Anayemwambia mdogo wako kwamba kijana atakaa pale miaka minne bila ya Ukristo kumgusa popote hamtendei haki. Lakini pia kaka yenu ajue kwamba huko hakuna skuli ya serikali itakayomfundisha mtoto ibada ya dini yoyote, kwani Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia mwaka 1962 sala zinazopangwa na serikali skulini. Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuamua, mwaka 1925, kwamba mzazi ana haki ya kumpeleka mwanawe skuli binafsi, ikiwemo ya dini. Kwa hiyo mdogo wako anachagua baina ya skuli isiyofundisha ibada kabisa na skuli inayofundisha ibada isiyokuwa yake, na katika miji mingi zipo pia skuli za serikali zinazoendeshwa na bodi huru, bila ya ada na bila ya dini, ambazo ningependa azitembelee kabla hajatia saini popote.

Sisi wa visiwa hivi tuna kumbukumbu yetu katika jambo hili. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka makao Unguja mwaka 1864, na watoto wa mwanzo waliowafundisha walikuwa wale waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wavulana walisomeshwa Kiungani na wasichana Mbweni, ambako magofu ya majengo yao yapo hadi leo karibu na bahari. Walitoka hapo walimu, wapiga chapa na mapadri, akiwemo Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na aliyefanywa padri mwaka 1890. Elimu ile ilikuwa ya kweli, na wema wa waliowapokea watoto wale siupunguzi. Hata hivyo mtoto wa Kiungani hakuwa na mama wa kumuuliza amejifunza nini leo, hakuwa na mjomba wa kubisha, na alipokea herufi, jina na dini kutoka mkono mmoja. Mtoto wa mdogo wako anarudi nyumbani kila jioni. Ana mama anayeweza kuuliza, kukataa na hata kumtoa, na hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kuliko zote.

Wala wazee wetu waliosita kuwapeleka watoto katika skuli za serikali ya kikoloni hawakuwa maadui wa elimu. Walichokikataa ni kutakiwa wachague baina ya skuli na chuo cha Kurani, na Kurani ilipoingizwa katika masomo, wengi wao waliwapeleka watoto wao. Namna hiyo ya kufikiri ingemfaa mdogo wako: asiulize tu kama mtoto aende, aulize ataendaje huku akibaki na dini yake.

Kwa hiyo azungumze na mwalimu mkuu kabla ya muhula kuanza, na aulize mambo haya waziwazi. Mwezi wa Ramadhani, siku ya kazi ya kijana itakuwaje, na ataruhusiwa kusali adhuhuri ofisini? Sala ya Ijumaa itapangiwa vipi? Chakula cha mchana kina nyama ya nguruwe, na kama kinayo, anapewa nini badala yake? Katika misa, atakaa tu au atatakiwa kutamka maneno asiyoyaamini? Mwajiri akimrudisha kwa kosa dogo, anapewa nafasi nyengine au anatoka skuli? Skuli iliyozoea watoto wa dini mbalimbali itakuwa na majibu tayari, na ile inayobabaika imekwisha kujibu.

Kuna swali jengine ambalo wazazi wengi hulisahau, nalo linahusu yale maneno kwamba karibu kila anayemaliza hukubaliwa chuo kikuu. Kukubaliwa ni hatua ya mwanzo tu. Mtoto wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu huko mara nyingi huacha katikati, kwa sababu fedha zimepungua, au mama anaumwa na yeye ndiye wa kumtegemea, au hakuna mtu nyumbani anayejua barua ile ya ofisi ya ada inataka nini. Mdogo wako aulize: katika kila wanafunzi 100 walioingia mwaka wa kwanza wa sekondari, wangapi walifika mwaka wa nne, na kati ya hao wangapi wamemaliza shahada? Skuli nzuri za namna hii huweka mtu maalumu wa kuwafuata waliomaliza, akawapigia simu, akawasaidia kujaza fomu ya msaada wa serikali kuu kila mwaka. Ruzuku ya Pell inayotolewa kwa fomu hiyo hairudishwi kama mkopo, na ni watoto wa kipato kama chao waliokusudiwa.

Rai yangu ni hii, na ninaitoa nikijua kuwa si kila msomaji atanikubalia. Ikiwa kijana amesoma vizuri chuo cha Kurani, msikiti au mwalimu wa dini yupo karibu nao, na baba yake yupo pamoja na mama yake katika jambo hili, aende na asimamiwe. Ikiwa mama yuko peke yake, anafanya kazi za usiku na hakuna mtu wa kukaa na mtoto mwisho wa wiki, basi akae kwanza na zile skuli za bodi huru, kwani mtoto wa miaka 14 si wa kuachwa ayapime mambo ya imani bila ya mkubwa pembeni. Na kaka yenu, badala ya kutuma maneno makali kwa simu, awe anampigia kijana, mjomba kwa mwana, kila Ijumaa, amuulize habari za masomo na za sala pamoja.

SWALI: Maalim, mimi ni mwalimu wa sekondari katika skuli ya serikali huku Ng'ambo. Darasa langu ni kubwa mno na watoto wengi wanatoka katika nyumba ambazo hata pa kuweka daftari hapana. Nimesikia habari za skuli hizo za Marekani. Je, mpango wao wa kazi na masomo ungewezekana hapa, tukazishirikisha hoteli za kitalii?

JAWABU: Mwalimu mwenzangu, hali unayoieleza naijua. Nimeyashika madaftari ya Bayolojia ya watoto wa kidato cha kwanza kutoka mitaa hiyo: juu ya kila mstari wa Kiingereza, kwa penseli, imeandikwa tafsiri ya Kiswahili neno kwa neno, kwa mwandiko mdogo wa kubana, na swali la mtihani likigeuzwa kidogo tu mtoto hana pa kushika. Mtoto huyo ana juhudi. Alichokikosa ni saa za kusoma na mtu wa kukaa naye.

Kuhusu hoteli, sikushauri. Mpango wa Cristo Rey unasimama kwa sababu malipo ya kazi moja ya chini ofisini huko yanatosha kubeba sehemu kubwa ya ada ya watoto wanne. Malipo ya karani wa chini hapa kwetu hayawezi kubeba mzigo huo, na vijana wenye shahada wamekaa barazani wakiisubiri kazi hiyo hiyo, hivyo tutaleta kinyongo mitaani. Hoteli nyingi ziko Nungwi, Kiwengwa na Paje, mbali na mjini, zina zamu za usiku na zina ulevi, na mzazi atakuwa na haki ya kukukatalia. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamkinga mtoto na kazi ya kumnyonya au kumdhuru, na jambo lenye nia njema huweza kugeuka unyonyaji pale anayelisimamia anapobadilika.

Iko njia nyengine ambayo naiona karibu na sisi. Katika mtaa wa Phillips mjini Minneapolis, mtaa maskini wenye watu wa asili nyingi, Wakristo wa Kiprotestanti walianzisha mwaka 2000 skuli iitwayo Hope Academy. Kila mzazi hulipa kwa kadiri ya kipato chake, na kinachobaki hubebwa na wafadhili ambao hushikamanishwa na mtoto mmoja mmoja, wakamjua na kumfuatilia. Napenda mambo mawili hapo. Mzazi akilipa hata kidogo, huja mkutanoni akiwa na sauti, na mfadhili anayemjua mtoto kwa jina si rahisi kumtupa mwaka wa pili.

Sisi tuna mlango wetu wa kupitia, nao ni wakfu. Wazee waliacha nyumba za Mji Mkongwe na mashamba ya mikarafuu yawe wakfu kwa misikiti, vyuo na mafakiri, na hadi leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo. Sioni kwa nini mfanyabiashara wa Darajani asiweke wakfu wa duka moja, kodi yake ikawalipia tuisheni, vitabu na nauli watoto 10 wa mtaa mmoja tangu kidato cha kwanza hadi wamalize chuo kikuu. Mwaka 1998 fedha za waumini zilituletea chuo cha ualimu cha Chukwani, ambacho leo ni chuo kikuu cha SUMAIT, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Na ndugu zetu Wakristo wa hapa nao wana skuli ambazo watoto wa Kiislamu husoma bila ya ugomvi, na uzoefu wao wa kusimamia masomo ya jioni unafaa kuulizwa.

Lakini usianze kwa kujenga skuli mpya. Lawama moja wanayotoa Wamarekani wenyewe juu ya skuli hizi ni kwamba huchukua familia zilizokwisha kuwa na hamu, na skuli ya jirani ikabaki na waliokata tamaa. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila ya malipo ili mtoto wa mkulima na wa mchukuzi asome kama mwengine, na mimi, niliyefundisha kwa matunda ya tangazo hilo, sitaki kuona tunawachambua watoto tena kwa mlango mwengine. Anza ndani ya skuli yako. Omba madarasa mawili yabaki wazi baada ya mkondo wa jioni, au asubuhi kwa wale wa jioni, siku tatu kwa wiki. Tafuta mwalimu mmoja wa Kiingereza na mmoja wa Hisabati watakaolipwa kwa uhakika, kwani mwalimu wa kujitolea huchoka ifikapo mwezi wa tatu, na hana kosa. Usiwachague watoto kwa alama walizopata. Angalia kipato cha nyumbani na utayari wa mzazi kuja kila mwezi. Waandikishe insha moja kila wiki, ukurasa mmoja kwa Kiingereza chao wenyewe, isahihishwe na irudiwe, hadi penseli ile ya juu ya mstari isihitajike.

Na tangu siku ya mwanzo fungua daftari la majina, uandike mwaka hadi mwaka kila mtoto yuko wapi: kidato cha pili, cha nne, cha sita, chuo. Mwenye duka atakapokuja kuuliza fedha zake zimefanya nini, mfungulie daftari hilo, likiwemo jina la mtoto aliyeacha na sababu iliyomtoa.

SWALI: Shikamoo Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete. Naweza kuomba nafasi katika skuli hizo za Marekani? Kuna mtu ametuambia anaweza kutupeleka tukimpa fedha za fomu.

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Usimpe fedha. Skuli hizi zimewekwa kwa watoto wanaoishi katika miji hiyo hiyo, ambao hulala kwao na kurudi skuli asubuhi, na mzazi lazima awepo. Hazina dahalia za kupokea watoto wa Pemba, na hazitumi mawakala mitaani. Mwambie mzazi wako habari za mtu huyo, na mwambie mwalimu mkuu pia, ili wenzako wasidanganyike.

Njia yako iko hapa. Ukifaulu kidato cha nne utaendelea na cha tano na cha sita, na ukikubaliwa chuo kikuu, iwe SUZA au kwengine, unaweza kuomba mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2011. Wiki hii nenda kwa mwalimu wako wa taaluma, umuulize shahada unayoitaka inadai masomo gani ya kidato cha sita, na kama mchepuo uliomo unakupeleka huko. Ukigundua kuwa uko katika mchepuo usiofaa, ni afadhali ujue sasa, ungali kidato cha tatu, kwani wapo watoto wenye alama nzuri waliokuja kwangu baada ya matokeo na sikuwa na la kuwasaidia.